Hatimaye θεός inapatikana

Imekubali! Usiku huu nimeandika θεός (Mungu kwa Kigiriki) kwenye kisanduku cha kutafutia, na Yohana 1:1 imo kwenye majibu.

Programu yangu ya Python ilikuwa inapekua Biblia ya Kiswahili bila shida, lakini ukiipa Kigiriki inanyamaza. Ukinakili neno kutoka kwenye aya yenyewe, linapatikana. Ukiliandika kwa kibodi, hakuna kitu. Nikashuku fonti, nikashuku kibodi, nikabadilisha vyote. Wapi!

Ndipo nikaiambia programu itoe kila herufi na namba yake ya Unicode, ule mfumo wa kimataifa unaoipa kila herufi namba. Ile ό ya kibodi ni U+03CC. Ile ό ya kwenye faili la Agano Jipya ni U+1F79. Kwa macho ni pacha, kwa kompyuta hawajuani. Na Unicode wenyewe wanakiri ni herufi ileile, ila wakaziacha zote mbili! Mstari mmoja wa NFC, kanuni ya Unicode inayogeuza pacha kama hao kuwa herufi moja, kwenye faili na kwenye kile anachoandika mtumiaji, ukamaliza hilo.

Majibu yakaanza kumiminika, ila Yohana 1:1 haimo. Kumbe katikati ya sentensi mkazo hugeuka: καὶ θεὸς ἦν ὁ λόγος (naye Neno alikuwa Mungu). Umelalia upande wa pili, na hapo NFC haina la kufanya. Dawa ni NFD, inayotenganisha herufi na alama zake, kisha kukwangua alama zote za kundi la Mn (zile zinazobandikwa juu au chini ya herufi), kisha casefold, inayofuta tofauti ya herufi kubwa na ndogo na pia hugeuza ς ya mwisho kuwa σ. Kila aya sasa ina nakala mbili, ya kuonyesha na ya kutafutia. Hasara yake ἐν (katika) na ἕν (moja) zimekuwa kitu kimoja, kwa hiyo nimeweka kitufe cha kutafuta kwa alama kamili.

Kiebrania nilikiogopa bure. Msimbo uleule ulifagia irabu na alama za usomaji kwa mkupuo: בְּרֵאשִׁית ikatoka בראשית. Kilichobisha ni makafu tu, kile kistari cha juu. Chenyewe si Mn, basi עַל־פְּנֵי (juu ya uso) ya Mwanzo 1:2 ikabaki neno moja badala ya mawili. Nimekigeuza kuwa nafasi.

Kibodi za kwenye skrini, za kubofya herufi mojamoja kwa kipanya, siziwezi. Nao mpangilio wa kawaida wa kibodi wa Israeli unaweka herufi alefu (א) kwenye T na shini (ש) kwenye A. Vidole vyangu vimegoma, natumia Keyman, programu ya kibodi za lugha mbalimbali.

Uchambuzi wa vitenzi nilioahidi kuuongeza kwenye programu usubiri kwanza. Alama zikishaondoka, kwa nini mtu asiandike tu qeos kwa herufi za Kilatini, kama kwenye Beta Code ya David Packard? Jedwali la Kigiriki tayari linafanya kazi: q ni θ, h ni η, w ni ω. Kiebrania ndicho kinaleta ubishi. Mfumo wa Michigan-Claremont, wa kuandika Kiebrania kwa alama za kibodi ya Kilatini, umeipa sameki (ס) S, na shini ikapewa alama ya dola. Yaani neno la kwanza la Biblia uandike BR)$YT. Nani atakumbuka hayo?