Nyasi za Dhahabu za Kurosawa

Leo usiku nimeirudia A.K., filamu ya makala ya Mfaransa Chris Marker ya mwaka 1985. Marker alikuwa kwenye miteremko ya mlima Fuji, Japani, mwongozaji wa Kijapani Akira Kurosawa alipokuwa akipiga picha za filamu yake Ran, akayarekodi yaliyokuwa yakiendelea nyuma ya kamera.

Kinachonishika kila nikiitazama ni nyasi. Kurosawa alitaka tukio la usiku, mbalamwezi imeangaza na nyasi zinameremeta. Basi mafundi wakaingia uwandani kuzipaka rangi ya dhahabu. Unawaona kabisa wakihangaika nazo. Baadaye tukio lile likakatwa. Itazame Ran mwanzo mpaka mwisho, hutaona hata unyasi mmoja wa dhahabu. Bila Marker, jasho la watu wale lingebaki siri yao wenyewe. Ndiyo sababu makala za mwigizaji kumsifu mwongozaji, na mwongozaji naye kumrudishia sifa, hazinitoshi. Nataka kuona kazi.

Na kazi yenyewe, sehemu kubwa ni kusubiri. Ukungu unashuka mlimani, waigizaji wa ziada wamekaa na deraya zao kwenye udongo mweusi wa volkano, farasi nao wanasubiri. Kurosawa, kofia kichwani na miwani myeusi usoni, hana papara. Marker ana adabu ya kumwacha afanye shughuli zake.

Ngome iliyoungua kwenye Ran ilijengwa kweli mlimani pale, ikachomwa kweli. Mwigizaji Tatsuya Nakadai, aliyekuwa na miaka hamsini na ushee akiigiza mzee wa miaka 70, alitakiwa kushuka ngazi moto ukiwa mgongoni. Kurudia kusingewezekana. Kurosawa naye alikuwa anakaribia miaka 75, na kabla kazi haijaisha akafiwa na mkewe. Alisimamisha upigaji picha siku moja tu, akarejea. Hilo sijui kama ningeliweza, na sitaki kuliita ushujaa. Naona tu kwamba alikuwa na watu wa kurejea kwao.

Maana wale watu alikuwa amefanya nao kazi miaka mingi. Teruyo Nogami, msimamizi wa skripti, alikuwa naye tangu filamu yake Rashomon ya 1950. Halafu yupo Ishirō Honda. Huyu ndiye aliyeongoza Godzilla ya 1954, filamu iliyozunguka dunia nzima, lakini kwenye Ran yuko kama msaidizi wa rafiki yake. Walijuana tangu miaka ya 1930, wote wawili wakiwa wasaidizi wa mwongozaji Kajirō Yamamoto. Mtu mwenye jina lake kamili, uzeeni, anakubali kusimama pembeni ili kazi ya mwenzake ikamilike! Nimempenda sana Honda. Godzilla yake ya kwanza sijawahi kuitazama yote, kesho naianza.