Siku moja kati ya wodi ya utapiamlo na maabara

Saa 1:30 asubuhi naingia wodini wakati wauguzi wa usiku wanakabidhi chati za maziwa ya F-75, ambayo watoto wenye utapiamlo mkali hunyweshwa kidogo kidogo kila baada ya saa mbili au tatu, usiku na mchana.

Saa 2, mtoto wa kwanza ana unyafuzi (kwashiakori), utapiamlo mkali unaovimbisha mwili: miguu imevimba, na ukiibonyeza kwa kidole gumba kishimo kinabaki. Bibi yake ameitikia shikamoo yangu, kisha akauliza kwa ukali, "Mjukuu wangu hana damu, na ninyi mnazidi kumtoa?" Nilimwonyesha kichupa cha mililita mbili na kumweleza tena utafiti ninaoufanya kuhusu unyafuzi, ambao aliuridhia. Swali lake ni la haki kabisa.

Kichupa hukaa kwenye barafu, kwa sababu glutathioni, kemikali ya damu nitakayoipima, huharibika upesi. Baada ya kuizungusha damu kwenye mashine natazama plazima, yaani majimaji ya damu: ikiwa na rangi ya waridi, chembe nyekundu zimepasuka, na kipimo cha malondialdehidi, yaani mabaki ya mafuta yaliyoharibiwa na radikali huru (molekuli korofi zinazoshambulia seli), hakitaaminika.

Saa 5 napima glutathioni, antioksidanti (kinga dhidi ya radikali huru) ambayo seli hujitengenezea kwa asidi amino tatu, ikiwemo sisteini. Kitendanishi, yaani kemikali ya kupimia, hugeuka njano, nami husoma ukolevu wa rangi hiyo kwa mwanga wa nanomita 412. Rangi ya sampuli ya mtoto huyu imepauka, kama ilivyo kawaida katika unyafuzi, kwani malighafi ni haba ilhali maambukizi yanazidisha radikali.

Saa 8, kwenye kikao, daktari mwanafunzi aliuliza kwa nini basi tusiwape antioksidanti zaidi. Ni wazo lenye mvuto. Watafiti Golden na Ramdath walilijengea nadharia mwaka 1987, kwamba unyafuzi hutokana na radikali huru kuizidi kinga ya mwili. Hata hivyo, jaribio la Malawi lililochapishwa mwaka 2005, kwa watoto zaidi ya 2,000 waliopewa riboflavini, vitamini E, seleni na N-asetilisisteini au dawa tupu isiyo na kiambato cha kutibu, lilionyesha kwamba virutubisho hivyo havikuzuia unyafuzi. Kwa maoni yangu, upungufu tunaoupima huenda ni matokeo ya ugonjwa kuliko chanzo chake, na poda za vitamini zinazouzwa madukani kwa jina la antioksidanti hazichukui nafasi ya maziwa ya wodini.

Saa 10 nahifadhi plazima kwenye nyuzi 80 chini ya sifuri na kupitia faili la mtoto. Daktari ameagiza madini ya chuma yasubiri hadi hamu ya kula irudi na uzito uanze kupanda, maana chuma kilicho huru huchochea radikali na kuwanufaisha bakteria.