Daftari la madeni: Esc haifuti tena deni la mtu

Imekubali jamani! Kwenye hii app ya daftari la madeni ya duka ilikuwa imebaki sehemu ya kufuta deni, ile ya kuuliza kwanza "Una uhakika?" na mtu akighairi rekodi ibaki salama.

Mwanzo ilikuwa confirm() ya kawaida, kile kisanduku cha swali cha JavaScript kinachotoka kwenye brauza yenyewe. Akighairi inarudisha false, unaita preventDefault() ya kuzuia fomu isitumwe, haiendi popote, kwisha. (Na wale bado mnaandika return false ndani ya addEventListener (ile ya kusikiliza matukio), pale haizuii kitu.) Nikaihama kwa sababu maneno ya batani zake huwezi kubadilisha, halafu mtumiaji akiweka tiki ya kuzuia ukurasa usifungue dialogi nyingine, kuanzia hapo inarudisha false kimyakimya bila hata kuuliza, yaani mtu anabonyeza Futa, anabonyeza tena, hakuna kinachotokea.

Nikaenda kwenye dialog ya HTML, tagi ya kujitengenezea kisanduku chako mwenyewe, brauza zote kubwa zinayo tangu Machi 2022. Kasheshe ikaanzia hapo.

Batani ya "Hapana, acha" ilikuwa poa. Ila mtu akitoka kwa kitufe cha Esc, deni mara linabaki mara linafutika, na hiyo mara-mara ndiyo iliyonichosha kabisa. Ukifungua ukurasa upya ukapiga Esc, salama. Ukifuta deni moja kwa "Ndio, futa", halafu ukafungua la pili ukapiga Esc, la pili nalo linakwenda! Hela ya mwenye duka inapotea wakati mtu amekataa, hiyo iliniuma sana.

Nikajaza console.log (ya kuchapisha kinachoendelea ndani) kila kona mpaka nikaiona: returnValue, yaani jibu ambalo dialogi inalishika, haijisafishi. Ukibonyeza batani yenye value="ndio" kwenye fomu ya method="dialog", dialogi inashika "ndio" na inabaki nayo hata ikishafungwa, sasa Esc inafunga bila kuigusa, kwa hiyo tukio la close likija unasoma jibu la mara iliyopita. Dawa yake ni mstari mmoja tu kabla ya showModal() inayofungua dialogi (d ndiyo dialogi yenyewe):

d.returnValue = "";

Halafu uliza kama jibu ni "ndio", usiulize kama si "hapana", maana Esc sasa inaacha patupu. Na sikiliza close, sio click ya batani, kwa sababu Esc haibonyezi batani yoyote na Promise yako, ile inayosubiri jibu, itasubiri milele. preventDefault() iwe kabla ya await (pale kodi inaposimama kungoja jibu), ikija baada fomu imeshaondoka. Mwishoni tumia f.submit() kutuma fomu (f ndiyo fomu), ukitumia requestSubmit() tukio la submit linarudi na swali linafunguka upya.

Kuna watakaosema weka SweetAlert2, laibrari ya dialogi zilizotengenezwa tayari. Ni nzuri, nimeitumia kwingine, ila kwa swali moja sioni sababu ya kubeba laibrari nzima wakati wenye maduka wanatumia bando za kupimia.

Iliyokuwa inafuata ni ripoti ya mwezi, lakini itasubiri. Sasa hivi nawaza kwa nini tuulize kabisa, deni lifichwe tu kwa safu ya imefutwa_saa, chini ya skrini itokee batani ya "Rudisha" kwa sekunde kumi. Tayari nimeshaongeza hiyo safu kwenye jedwali, usiku huu naanza na batani.