Nilivyovunja nyumba ya familia bila kifusi kuishia bonde la Msimbazi

Kikao cha familia kilipoamua nyumba ya marehemu babu pale Magomeni, Dar es Salaam, ivunjwe, usimamizi niliachiwa mimi. Kuvunja hakukunipa wasiwasi, mafundi wapo. Nilichokiwaza ni kifusi. Magomeni ukishuka kidogo umefika Jangwani, na masika yakija Barabara ya Morogoro hufungwa pale maji yanapojaa. Mto Msimbazi unatoka vilima vya Pugu, unakatiza jiji hadi Daraja la Salender, na kila tipa la kifusi linalomwagwa kingoni linazidi kuubana. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu au za kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Lakini giza likiingia, matipa yanashuka bondeni. Inaniuma sana, kwa sababu wanaofurikiwa tunawajua kwa majina.

Dereva wa kwanza alinitajia bei ya chini mno. Nikamuuliza, "Kaka, unakwenda kumwaga wapi?"

"Bosi, nikishapakia, kifusi ni changu. Wewe usihangaike."

Nikaachana naye. Dampo la jiji liko Pugu Kinyamwezi, na kwa bei ile hata mafuta ya kufika huko yasingetosha.

Niliona dawa ya kwanza ni kupunguza mzigo wenyewe, na hilo linategemea unaanza kuvunja wapi. Ukiangusha kila kitu kwa pamoja unapata mchanganyiko usio na mnunuzi. Tulianza juu: bati, kenchi, kisha fremu na milango ya mninga, ambayo iligombewa siku hiyohiyo. Dari za jipsamu za chumba kilichoongezwa miaka ya karibuni tulizitoa peke yake kabla ya kugusa ukuta, kwa sababu jipsamu ina salfeti, na salfeti ikichanganyika na kifusi cha kujazia chini ya sakafu huja kuila saruji.

Kazi iliyonifurahisha ni ya matofali. Fundi alikuwa anachukua mawili, anakwangua udongo na saruji kwa mgongo wa panga, halafu anayagonganisha. Likitoa mlio mkali, linakwenda upande wa kulia. Likiitika kwa mlio mzito na kumwaga unga, linakwenda kwenye rundo la kifusi. Yale mazima tumeyajengea ukuta wa uzio. Nondo za linta, yaani boriti za juu ya milango na madirisha, zilikwenda kwa wanunuzi wa vyuma chakavu kwa kilo. Sikukubali zinyooshwe zirudi kwenye nguzo, maana nondo iliyokunjwa ikanyooshwa huwezi kuiamini tena.

Zege tulilipasua kwa nyundo hadi vipande vya ukubwa wa ngumi, tukalishindilia chini ya jamvi, yaani sakafu ya zege, la nyumba mpya. Kwa kazi hiyo linafaa kabisa. Kwa nguzo na mkanda (boriti ya zege inayozunguka juu ya kuta) hapana: saruji ya zamani iliyogandamana na kokoto hunyonya maji, na bila kupima maabara hujui litabeba uzito gani.

Jiko la uani lilikuwa limeezekwa kwa asbesto, na hapo nilisimamisha kazi. Vumbi lake husababisha saratani, na ugonjwa unaweza kujitokeza baada ya miaka 20 hadi 40, kijana aliyevunja akiwa ameshasahau hata nyumba ilikuwa ya nani. Hizo ni taka hatarishi. Haziendi dampo la kawaida, na kuzisafirisha kunahitaji kibali. Niliulizia utaratibu NEMC, Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, nikampata mkandarasi mwenye kibali. Vijana wake walizilowesha maji, wakafungua misumari bila kupasua bati, wakazifunga kwa nailoni nzito tabaka mbili. Ndiyo gharama iliyonitoa jasho kuliko zote, na ningeilipa tena.

Kifusi kilichobaki kilikuwa kidogo kuliko nilivyotarajia. Shangazi alinitafutia mtu Toangoma aliyekuwa anajaza kiwanja; nilikwenda kwanza kukiona, nikahakikisha hakiko kwenye mkondo wa maji. Dereva tuliandikiana ofisi ya serikali ya mtaa: nusu ya malipo akipakia, nusu akirudi na karatasi yenye sahihi ya mwenye kiwanja pamoja na picha kwenye simu. Alinung'unika kidogo, akakubali. Baada ya tipa la pili akawa analeta karatasi mwenyewe bila kuulizwa.

Karatasi ile nimewapelekea watu wa halmashauri nikawaomba kitu kimoja: kibali cha kuvunja kisitolewe mpaka mwenye nyumba aandike kifusi kinakwenda wapi, na arudishe sahihi ya aliyekipokea. Kukagua karatasi ofisini ni rahisi kuliko kukimbizana na matipa usiku Jangwani. Ofisa aliyenipokea alitoa nakala, akaniomba na ya mkataba wa dereva.