OptiPlex ya ofisi mpaka GTA V laini: nilivyochagua vifaa

Kompyuta ninayochezea gemu hapa Arusha ni Dell OptiPlex 7040 iliyotumika, ile yenye kesi ya kusimama. Niliichukua ikiwa na prosesa ya Core i5-6500, RAM ya GB 8 na hard disk ya kawaida. Kwa kazi za ofisi haina shida. Ila ukiwasha gemu la GTA V na kuingia mjini na gari, picha zinakwamakwama mpaka unaacha.

Watu wengi wakifika hapo huuliza kadi gani ya grafiki (kifaa kinachochora picha za gemu) ni kali. Mimi nilianza kwa kufungua Task Manager, dirisha la Windows linaloonyesha kila kifaa kinatumika kiasi gani, huku gemu likiendelea. Grafiki za ndani ya prosesa zilikuwa zimegota asilimia 100, prosesa yenyewe bado ina nafasi. Basi pesa iende kwenye kadi.

Kilichoamua ni kadi ipi ni pawa saplai. Nilifungua mfuniko nikasoma lebo: wati 240. Tena madabodi hii (bodi kuu ambayo vifaa vyote vinachomekwa) haipokei ile plagi ya kawaida ya pini 24, yake ni ya pini 8, kwa hiyo huwezi kununua pawa saplai yoyote dukani ukachomeka. Tundu la kadi kwenye madabodi linatoa hadi wati 75. Ukishajua hayo, kadi kubwakubwa zinajiondoa zenyewe. Mimi nilibaki na GTX 1050 Ti ya mwaka 2016 na GTX 1650 ya 2019, zote za GB 4 na wati 75. Kwenye 1650 angalia sana: zipo zenye tundu la pini 6 ubavuni, na waya huo OptiPlex yangu haina.

Nilibeba kompyuta yenyewe nikazunguka madukani kuanzia Mnara wa Saa kushuka Barabara ya Sokoine.

"Kaka, hii haitaki waya, inakula umeme wa madabodi," muuzaji mmoja akaniambia, ameshika 1650 iliyotumika.

"Sawa kaka, tuiwashe kwanza ndiyo tuongee bei."

Tukaichomeka, nikaacha gemu likimbie, nikasikiliza feni na kutazama joto linavyopanda. Kadi ya mtumba usiilipie bila hilo, hata muuzaji akununie.

RAM niliongeza kipande kingine cha GB 8 cha DDR4, maana vipande viwili vinampa prosesa njia mbili za kusoma data kwa wakati mmoja. SSD, yaani diski ya kasi isiyo na sehemu zinazozunguka, haiongezi fremu (idadi ya picha kwa sekunde), lakini gemu linafunguka haraka na ramani haichelewi kujitokeza. Na vumbi la Arusha! Fundi alipopuliza kwa blowa nilizuia feni kwa kidole isizunguke, kisha tukafuta ile grisi kavu juu ya prosesa na kupaka mpya.

Sasa GTA V inakaa fremu 60 kwa sekunde kwenye 1080p, yaani ukubwa wa picha wa Full HD. Kioo changu ni cha herzi 60, yaani kinaonyesha picha 60 tu kwa sekunde, hivyo kadi kubwa zaidi ningeilipia bure. Kwenye gemu mpya ndiyo naona prosesa ikianza kugota yenyewe, na hapo ninatafuta prosesa ya i7-6700: inaingia kwenye soketi ileile, na wati zake ni 65 kama za i5 niliyonayo.