Fidia ya Kuumia Kazini: Wakili Anaanzia Wapi?

Hapa Malindi bado nakutana na watu wanaoamini kwamba kibarua akivunjika mguu kazini, hatua ya kwanza ni kumtafuta wakili amfikishe mwajiri mbele ya hakimu. Zamani ndivyo ilivyokuwa, na wapo waliolipwa kwa njia hiyo. Tangu tarehe 3 Desemba 2019 njia hiyo imefungwa. Siku hiyo Mahakama ya Juu ilikata shauri la muda mrefu kati ya Chama cha Mawakili na Mwanasheria Mkuu kuhusu Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007, ambayo wengi wetu huiita WIBA. Mahakama Kuu ilikuwa imebatilisha vifungu kadhaa vya sheria hiyo mwaka 2009, Mahakama ya Rufaa ikavirejesha karibu vyote mwaka 2017, na Mahakama ya Juu ikaunga mkono uamuzi huo. Miongoni mwa vilivyobaki ni kifungu cha 16, ambacho hakimruhusu mfanyakazi kumdai mwajiri wake fidia ya jeraha la kazini nje ya utaratibu wa sheria hiyo. Anayekwenda moja kwa moja kwa hakimu leo huambiwa kwamba si mahali pake, na mara nyingi hilo huja wakati miezi 12 ya kuwasilisha dai imeshapita.

Mimi si wakili. Nilikuwa mwakilishi wa wafanyakazi hotelini kwa miaka mingi, na kazi hiyo ilinikalisha sana kwenye benchi la ofisi ya leba nikiwa na watu wenye bendeji. Nilichojifunza huko ni kwamba wakili wa kufaa katika mambo haya ni yule anayekuuliza kwanza kama mwajiri ameshapewa taarifa ya ajali, kabla hajataja neno kesi.

Utaratibu wenyewe si mgumu kuuelewa. Mfanyakazi, au mtu kwa niaba yake, humpa mwajiri taarifa, kwa maandishi au kwa mdomo, na mwajiri ana siku saba za kumwarifu Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini. Daktari hupima ulemavu uliobaki na kuuandika kwa asilimia. Ikiwa ulemavu ni wa kudumu, fidia hukokotolewa kwa kuzingatia mapato ya miezi 96, kwa hiyo mtu aliyekuwa akipata shilingi 15,000 kwa mwezi na akapimwa asilimia 10 atapata shilingi 144,000. Gharama za matibabu zinazostahili ni juu ya mwajiri, ambaye sheria inamtaka awe amekata bima kwa ajili hiyo.

Ukitazama hesabu hiyo utaona mahali ambapo pesa hupotea. Asilimia ikiandikwa 5 badala ya 10, nusu imekwenda. Mshahara ukiandikwa shilingi 9,000 badala ya 15,000, zaidi ya theluthi imekwenda, na hakuna aliyepiga kelele. Hapo ndipo wakili anapoanza kuwa na kazi: kutafuta maoni ya daktari wa pili, kuyasoma majedwali ya sheria, na kuandika pingamizi ndani ya siku 60 tangu uamuzi wa Mkurugenzi. Jibu la pingamizi lisiporidhisha, kuna siku 30 za kukata rufaa katika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, ambayo siku hizi husikiliza mashauri hapa hapa Malindi. Zamani mtu alilazimika kupanda basi hadi Mombasa, na wengine walikata tamaa kwa sababu ya nauli tu.

Lakini kwa watu wa huku ugumu mkubwa hutangulia asilimia. Ugumu ni kuthibitisha kwamba uliajiriwa. Nyumba za wageni kuanzia Watamu hadi Mambrui huezekwa kwa makuti, na makuti yanapochakaa huitwa mafundi wa kuezua na kuezeka upya. Namkumbuka mmoja wao, kijana aliyeteleza kutoka kwenye boriti akavunjika kifundo cha mkono. Nyapara alimtembelea hospitalini na matunda, akamwambia kwa upole: “Pole sana kaka, lakini wewe si mfanyakazi wetu, wewe ni mtu wa kandarasi.” Neno hilo moja lingetosha kumnyima kila kitu, kwa kuwa WIBA humlinda aliyeajiriwa kwa ujira, si mkandarasi anayejitegemea. Wakili wake alimwomba simu. Humo mlikuwa na ujumbe wa M-Pesa wa kila Jumamosi kutoka kwa nyapara yule yule, kiasi kile kile, na ujumbe mwingine wa kumwamuru afike saa moja asubuhi na asiondoke kabla hajaruhusiwa. Kitabu cha getini kilikuwa na jina lake. Misumari, ngazi na kamba zote zilikuwa za mwajiri. Mkandarasi wa namna hiyo sijapata kumwona.

Vibarua wa mashamba ya chumvi ya Gongoni na Marereni wana swali lao pia: mtu akiumia ndani ya lori kabla hajashika koleo, je, ameumia kazini? Ikiwa mwajiri ndiye aliyetoa gari la kuwapeleka kazini bila nauli na dereva ni wake, sheria huihesabu safari hiyo kuwa sehemu ya kazi. Wengi hawaambiwi.

Suala la malipo ya wakili lina giza lake, na wanaonufaika na giza hilo ni madalali wanaozunguka wodini wakiahidi kwamba “usiposhinda hulipi chochote.” Ahadi hiyo inavutia, ila kifungu cha 46 cha Sheria ya Mawakili hakitambui makubaliano ya wakili kulipwa pale tu mteja anaposhinda, na kuwinda wateja kupitia madalali ni kosa. Wakili halali ana leseni inayofanywa upya kila mwaka, na jina lake unaweza kulitafuta kwenye tovuti ya Chama cha Mawakili kabla hujatia saini. Mwombe aandike ada yake na nini kitakatwa kwenye fidia. Pesa zikipitia kwake, lazima zikae katika akaunti ya wateja, mbali na zake mwenyewe, naye anadaiwa hesabu. Asipoitoa, kuna Tume ya Malalamiko dhidi ya Mawakili. Asiyeweza kulipa ada kabisa aulize Kituo cha Sheria, ambacho kina ofisi Mombasa.

Karatasi nyingine ya kuiangalia kwa makini ni ile inayoletwa na mwajiri mapema, pamoja na bahasha ya pesa kidogo, ikisema kwamba umepokea na huna dai lingine. Sheria haikubali mfanyakazi kuachia haki ya mafao yake kwa mkataba wa aina hiyo, kwa hiyo hata aliyekwisha kutia saini bado anaweza kwenda kwa wakili, mradi miezi 12 haijaisha, na aichukue karatasi yenyewe aende nayo.