Kwato za ng'ombe na kaboni ya kinamasi

Kwenye kisiwa cha Schiermonnikoog, Uholanzi, vinamasi vya chumvi visipolishiwa ng'ombe hutekwa na nyasi ndefu za Elymus athericus. Ng'ombe wakiwapo, nyasi hubaki fupi na kwato hushindilia tope la mfinyanzi. Hewa hupungua, mizizi iliyokufa huoza polepole, na kaboni yake hubaki udongoni. Mchanga haushindiliki hivyo, basi chunguza aina ya udongo kabla ya kuyasifu au kuyalaumu malisho.

Kinachosikitisha ni watu kulinganisha asilimia ya kaboni peke yake. Zidisha kwa uzito wa udongo mkavu na kina chake! Gramu 0.8 kwa kila sentimita ya ujazo, kaboni asilimia 5, kina sentimita 10: tani 40 kwa hekta. Ukizamisha bomba la sampuli, pima kina cha udongo ndani na nje. Ndani ukiwa chini zaidi, umeshindiliwa na bomba, si ng'ombe.